Namba nne aliyecheza kila namba

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi tulipofunga msimu wa timu zetu za vijana. Wazazi waliokuwa kazini wameomba, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu pale spika ilipokata, nikabaki nafoka peke yangu kama mpiga debe.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, akina mama mliokuja na watoto mgongoni, walimu wenzangu wa mpira, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma mkidhani hotuba ni za wazee: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameniwekea saa mezani kabisa, maana ananijua. Akaniambia, "Mwalimu, zungumza juu ya nidhamu." Nimekubali, lakini neno lenyewe leo sitalitumia tena. Mmelisikia mpaka masikio yameota sugu. Nitawaeleza habari za mtu mmoja tu, beki.

Kwanza niulize. Nani hapa ni beki? Nyoosheni mikono, msione haya. Mmoja, wawili... saba. Wazazi, mmeona? Vijana sitini na kitu, mikono saba! Waliobaki wote ni namba kumi. Tuna timu ya namba kumi hamsini. Nani atakaba?

Mtu wangu anaitwa Javier Zanetti, wa Argentina. Nyie wadogo hamumjui, na siwalaumu. Alitundika daluga Mei 2014, wengine wenu mlikuwa hamjaota hata meno. Alichezea Inter ya Milan misimu 19, mechi 858, na mechi 615 kati ya hizo ni za ligi kuu ya Italia. Alikuwa na miaka 22 alipoingia, akatoka akiwa na 40. Katika muda huo klabu ilibadilisha makocha zaidi ya kumi na watano, wakaja akina Ronaldo yule wa Brazil na Vieri na Ibrahimović, wakaondoka. Ukiwasha televisheni, yule pale. Hata nywele hazikubadilika, chana moja ileile tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Swali langu la leo ni hili: mtu anadumuje hivyo? Msiniambie kipaji. Vipaji mimi nimeviona vingi, vingine viko mtaani kwetu hapa, vinaendesha bodaboda.

Tuanze kwao. Alizaliwa Agosti 10, 1973, Buenos Aires, akakulia Dock Sud, mtaa wa bandarini, wa watu wa kipato cha chini. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mama akifanya kazi za usafi. Kijana alikuwa anamsaidia baba kwenye ujenzi, na kuna wakati alisambaza maziwa asubuhi kabla watu hawajaamka. Karibu na hapo kuna klabu kubwa inaitwa Independiente, ndiyo aliyoipenda, ndiyo iliyomlea utotoni. Ikafika siku wakamwacha. Wakasema huyu mwembamba mno, hana mwili wa mpira.

Hana mwili! Mwashi gani asiye na mwili? Basi akarudi saiti kwa baba yake. Nani hapa amewahi kubeba zege ngazini? Wewe mzee unacheka, unajua. Ndoo ya zege haikuulizi kama umelala vizuri. Kwa muda yule kijana mazoezi yake yalikuwa hayo, mchanga, matofali na zege. Baadaye akaingia Talleres ya Remedios de Escalada, timu ya daraja la pili ambako kaka yake Sergio alikuwa amepita, akaanza kupangwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata Banfield, daraja la kwanza. Novemba 1994, timu ya taifa. Kutoka kubeba zege mpaka jezi ya Argentina, miaka michache tu.

Sasa sikilizeni kisa cha mfuko.

Mwaka 1995 tajiri Massimo Moratti ameshika Inter, anaanza kununua wachezaji. Anawaleta Waargentina wawili kwa pamoja. Wa kwanza ni Sebastián Rambert, mshambuliaji, jina kubwa, anayeshangilia mabao kwa kufungua mikono kama ndege. Mnajua alitoka klabu gani? Independiente! Ileile iliyosema mwenzake hana mwili. Waandishi na mashabiki wanamtaka Rambert. Na wa pili? Wa pili ni beki fulani aliyekuja naye. Biashara yetu ya sokoni mnaifahamu, ukinunua fungu la nyanya unaongezewa moja juu. Yule wa pili walimwona kama nyongeza.

Zanetti mwenyewe amesimulia jinsi alivyofika kambini. Mashabiki wamejaa njiani wakisubiri mastaa, naye akapita katikati yao kwa miguu, hakuna aliyemtambua. Mkononi ameshika mfuko wa plastiki, ndani yake mna njumu zake. Kwa lugha yetu, ameingia Inter Milan na mfuko wa rambo. Picha hiyo ninaipenda kuliko picha zote za makombe, kwa sababu kila Jumapili naiona hapa uwanjani kwetu, mtoto anatokea kona ile ya mnazi na rambo yake, soksi zinachungulia.

Rambert aliishia wapi? Hakucheza hata mechi moja ya ligi Inter. Simcheki, mpira una mambo yake. Yule wa nyongeza alianza Agosti 27, 1995, San Siro, uwanja wa nyumbani wa Inter, dhidi ya Vicenza, wakashinda moja bila. Akabaki mpaka 2014.

Tuko pamoja? Haya.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na mimi nilipotea hapa.

Sisi mtaani tunaita nafasi kwa namba. Mbili ni beki wa kulia, tatu beki wa kushoto, nne na tano wale wa kati, sita mkabaji, saba winga, mpaka kumi na moja. Zanetti mgongoni alivaa nne. Lakini kwa hesabu zetu alicheza mbili, akacheza tatu, akacheza sita, saba, nane. Kocha akisema leo uko kulia, yuko kulia. Kocha mwingine akisema kiungo wetu ameumia, nenda kati, anakwenda kati. Kushoto hakuna mtu? Anakwenda kushoto, na mguu wake ni wa kulia.

Nitawapa mfano wa siku ishirini na nne tu. Aprili 28, 2010, Inter wako Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza walishinda 3-1. Dakika ya 28 Thiago Motta anapewa kadi nyekundu, wamebaki kumi, zaidi ya saa nzima mbele yao, na yuko Messi. Zanetti siku hiyo ni namba tatu, miaka 36. Samuel Eto'o, mshambuliaji wa Kameruni mwenye makombe yake, anacheza kama beki. Eto'o! Anakimbia kukaba pembeni kama kijana wa majaribio. Wakafungwa moja tu, wakapita.

Mei 22, fainali, Madrid, dhidi ya Bayern Munich. Motta ana adhabu, hawezi kucheza. Nani akasimama kati na Muargentina mwenzake Cambiasso? Zanetti. Yule namba tatu wa Barcelona sasa ni kiungo. Diego Milito akafunga mawili, na nahodha akanyanyua kombe ambalo Inter walikuwa hawajaligusa tangu 1965. Ndani ya mwezi huohuo wa Mei walikuwa wameshachukua Kombe la Italia na ubingwa wa ligi. Hakuna timu ya Italia iliyokuwa imewahi kuchukua yote matatu msimu mmoja. Na fainali ile ilikuwa mechi yake ya 700 kwa Inter.

Sasa niwaambie yangu, ambayo watu wa nyumba yangu tu ndio waliokuwa wakiijua. Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa winga, namba saba, na mbio nilikuwa nazo, wazee watanishuhudia. Timu niliyochezea sitaitaja, na kocha sitamtaja, ni marehemu. Asubuhi moja ya mechi akaniita pembeni, akasema, "Tatu wetu ana homa. Leo utatusaidia kule nyuma." Nikamtazama. Nikamjibu, "Mwalimu, mimi si beki." Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimesema utatusaidia." Nikavua jezi, nikaikunja vizuri kabisa ili ionekane nina adabu, nikaiweka juu ya benchi, nikaondoka na daluga zangu begani. Nilijiona shujaa. Kituoni pale nikasubiri basi, nasikia kelele za mechi inaanza bila mimi. Nilidhani Jumatatu watanifuata nyumbani. Mpaka leo ninawasubiri.

Mnacheka. Chekeni. Lakini mpo hapa hapa, kuna mmoja wiki iliyopita alimwambia mwalimu wa chini ya miaka 15 kwamba beki ni kazi ya watu wasiojua mpira. Simtaji. Amejiinamia, basi mmemjua.

Na msije mkadhani Zanetti alikuwa malaika, kila akiambiwa anasema ndiyo bwana. Mei 1997, fainali ya Kombe la UEFA, San Siro, dhidi ya Schalke wa Ujerumani. Muda wa nyongeza unakaribia kwisha, penalti zinanukia. Kocha Roy Hodgson anamtoa anamwingiza Nicola Berti. Zanetti alikuja juu! Alimfokea kocha palepale pembeni ya uwanja, uwanja mzima unatazama. Inter wakafungwa kwa penalti. Nimeitazama picha ile mara nyingi, mtu mpole amebadilika uso. Lakini wakapatana, na kesho yake maisha yakaendelea. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1998, kombe lilelile, fainali Paris dhidi ya Lazio. Zamorano amefunga la kwanza. Dakika ya 60 mpira unamdondokea Zanetti nje ya kumi na nane, anaupiga kabla haujatulia, umekwenda juu kwenye kona. Ronaldo akamalizia la tatu. Kwa hiyo kijana, ukimkasirikia mwalimu leo, sina neno. Swali ni kesho utakuja?

Hilo bao la Paris ni zuri, lakini kuna jingine la mwaka huohuo ambalo makocha wote hapa wanapaswa kulijua kwa moyo. Kombe la Dunia, Juni 30, 1998, Saint-Étienne, Argentina na Uingereza. Uingereza wanaongoza 2-1, yule Owen mtoto ameshawapasua. Dakika za majeruhi za kipindi cha kwanza, faulo karibu na kumi na nane. Nani hapigi? Batistuta. Anakuja mbio kama anayetaka kuvunja nyavu, kila Mwingereza anajikaza, kumbe anauruka mpira. Verón anauteleza pasi fupi chini pembeni ya ukuta. Na nyuma ya ukuta ule, amejificha kama mtoto anayecheza kombolela, yuko nani? Beki wetu. Anatokeza, mguu wa kulia unautuliza, anageuka, mguu wa kushoto unafunga. Mbili kwa mbili, na mwisho Argentina wakashinda kwa penalti. Fikirini, nchi ya Batistuta na Ortega na Verón, na mpango wote ule umetengenezwa ili mpira umfikie beki, tena kwa mguu usio wake. Kwa nini yeye? Kwa sababu hakuna anayemhesabu. Ukuta wote unamtazama Batistuta.

Lakini pumzikeni, si yote matamu. Nije kwenye timu yake ya taifa, na hapa wazazi ndio nataka mnisikilize zaidi ya vijana.

Zanetti aliichezea Argentina zaidi ya mara 140. Kwa miaka mingi hakuna Muargentina aliyemfikia, mpaka Mascherano alipompita mwaka 2018. Mechi zote hizo. Haya, makombe mangapi ya wakubwa? Semeni. Hakuna. Sifuri.

Mwaka 1996, Olimpiki ya Marekani, fainali, wamekutana na nani? Nigeria! Wazee mnakumbuka ile siku. Kanu, Okocha, Amokachi, na Amunike dakika ya mwisho kabisa, 3-2. Afrika nzima tulikesha. Sisi tunaimba, upande wa pili yupo kijana ambaye wiki moja baadaye anatimiza miaka 23, anavishwa medali ya fedha. Mwaka 2004, fainali ya Copa América, Brazil wanasawazisha dakika za majeruhi, Argentina wanakufa kwa penalti. Mwaka 2005, fainali ya Kombe la Mabara, Brazil tena, 4-1. Mwaka 2007, fainali ya Copa América, Brazil tena, 3-0. Ukimwona Mbrazil barabarani baada ya hapo unavuka upande wa pili.

Na kuachwa je? Kombe la Dunia 2006, kocha Pekerman hakumwita. Akafanya kazi miaka minne mingine. Mei 2010 kocha ni Maradona mwenyewe. Orodha ya awali ya wachezaji thelathini ikatoka, Zanetti hayumo, Cambiasso hayumo. Thelathini! Na tarehe zilivyokaa: orodha ilitoka siku kumi na kidogo kabla ya ile fainali ya Madrid niliyowasimulia. Yaani aliingia uwanjani siku ile akijua kwamba nchi yake imehesabu watu thelathini na yeye hakuonekana. Akacheza dakika zote, akabeba kombe.

Kule Afrika Kusini namba mbili alipangwa Jonás Gutiérrez, ambaye kwa kawaida ni winga, kisha Otamendi, ambaye ni beki wa kati. Robo fainali, Cape Town, Ujerumani 4, Argentina 0. Sisemi Zanetti angezuia manne. Katika mpira mimi sipendi hesabu za "ingekuwa". Ninachosema ni kwamba mwaka uliofuata kocha mpya akamwita kwa ajili ya Copa América, naye ana miaka 37, ana kila sababu ya kusema tafuteni mwingine. Akaenda.

Mzazi, mtoto wako akiachwa kwenye kikosi cha Jumamosi, usinipigie simu saa tano usiku. Nimemaliza hapo. Tuendelee.

Kuna usiku mmoja mtu huyu alikuja karibu nasi, karibu kabisa. Desemba 18, 2010, Abu Dhabi, fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Inter na nani? Nasikia mnasema. TP Mazembe! Watu wa Lubumbashi, watu wanaozungumza Kiswahili, wanatukana refa kwa Kiswahili! Walikuwa wamewatoa Pachuca wa Mexico, halafu wakawafunga Internacional wa Brazil 2-0. Haikuwahi kutokea timu isiyo ya Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ile. Na kipa wao Kidiaba, yule wa kushangilia kwa kurukaruka amekaa chini, watoto wa mtaani kwetu waliiga mpaka kaptula zikatoboka.

Nilikuwa banda umiza, viti vya plastiki vimeisha, nimekaa juu ya kreti la soda. Banda zima Mazembe. Mimi pia Mazembe, nani angethubutu vinginevyo? Lakini jicho langu moja lilikuwa kwa namba nne, sikumwambia mtu. Dakika ya 13 Pandev akafunga, dakika ya 17 Eto'o, Mwafrika mwenzetu huyohuyo. Banda likapoa kama uji wa jana. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kreti langu likawa na nafasi, mwisho Biabiany akafunga la tatu.

Mimi nikabaki, na nitawaambia nilichokiona, kwa sababu huwezi kukiona kwenye mabao. Walikuwa mbele mabao mawili. Kijana mmoja wa Mazembe akaupata mpira pembeni, akaanza kukimbia naye. Zanetti, miaka 37, akamfuata. Hakulala chini, hakumvuta jezi. Alikimbia naye sambamba, bega kidogo mbele, akimfungulia njia ya kwenye mstari, mstari, mstari, mpaka uwanja ukaisha, mpira ukatoka. Kisha akainua mkono kumwomba mwenzake asogee nafasi yake. Basi. Jirani yangu bandani akasema, "Kwani huyu mzee hachoki?" Nusu fainali siku tatu kabla alikuwa amefunga pia, dhidi ya Seongnam wa Korea.

Mabeki saba, njooni mbele kidogo, hili ni lenu. Yule bwana katika miaka 19 Inter alionyeshwa kadi nyekundu mbili. Beki! Moja mwaka 1999 kwenye Kombe la Italia dhidi ya Parma, nyingine Desemba 2011 dhidi ya Udinese. Kati ya hizo mbili ni miaka zaidi ya kumi na miwili. Siri ni hiyo niliyoiona bandani: kaba kwa miguu, usikabe kwa makalio. Ukilala umeshatoka mchezoni, refa na winga wamebaki wenyewe. Na mpira ukiupata, weka mwili kati yake na mtu, usukume mbele, nenda. Kwao walimwita Trekta kwa sababu hiyo, unamng'ang'ania na bado anakwenda.

Alipitwa? Alipitwa sana. Oktoba mwaka huohuo wa 2010 alifunga dakika ya pili dhidi ya Tottenham, Inter wakaenda mapumziko wakiongoza 4-0, kipindi cha pili Gareth Bale, kijana wa miaka 21, akawakimbia watu wazima wale kama anafukuza basi, akafunga matatu peke yake. Ikaisha 4-3. Umri ni umri.

Juu ya mwili wake nitapita haraka, mwenyekiti ananionyesha saa. Amesimulia mwenyewe kwamba hata siku ya harusi yake, Desemba 1999, alipata upenyo akaenda kufanya mazoezi. Akina mama msinitazame hivyo. Mkewe Paula hakumwacha. Mwaka 2001 wakaanzisha pamoja taasisi ya kusaidia watoto wa familia maskini Buenos Aires, wakaiita PUPI, ambalo ndilo jina lake la utani.

Naja mwisho, na mwisho wenyewe ni kisigino.

Aprili 28, 2013. Mmeiona hiyo tarehe? Aprili 28, ileile ya Barcelona, miaka mitatu kamili. Wako Palermo. Mapema tu kwenye mechi, anakimbia, hakuna mtu aliyemgusa, anaanguka. Kano ya kisigino cha kushoto imekatika. Ana miaka 39, Agosti anatimiza 40. Wazee, mtu wa miaka 39 akikatika kano, sisi tunamwambia nini? Tunamwambia pole, umefanya kazi, pumzika. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na mataji matano ya ligi, makombe manne ya Italia, Ulaya, dunia. Anarudi kutafuta nini?

Alirudi. Miezi sita na siku kadhaa. Novemba 9, 2013, San Siro, dhidi ya Livorno. Inter wako mbele moja bila, dakika ya 82 kibao kinainuliwa. Anaingia. Uwanja mzima umesimama, watu wazima wanalia. Na mimi, nikiri, nilitegemea aguse mpira mara mbili tatu za heshima, apigiwe makofi, tukalale. Kumbe yeye hakujua kwamba ni sherehe. Alipata mpira, akaanza kwenda nao mbele vilevile, kifua nje, mpira umebandikwa mguuni, na mwisho wa safari ile mpira ukamfikia Nagatomo, beki wa Kijapani, akafunga. Beki kwa beki. Mbili bila.

Msimu ukaisha, Mei 10, 2014 akaaga San Siro dhidi ya Lazio, na klabu ikaistaafisha jezi namba nne. Wiki moja baadaye kulibaki mechi moja, ugenini Verona kwa Chievo, mechi isiyo na sherehe. Angeweza kubaki nyumbani. Alipanda basi na wenzake, akaenda.

Mwenyekiti, nimezidisha dakika sita, utanikata kwenye posho, ambayo haipo.

Tangazo moja kabla ya jezi kugawiwa. Kesho Jumapili mazoezi yako palepale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa moja. Atakayekuwa na mfuko wa rambo asiufiche. Na nimekaa na mwalimu wa chini ya miaka 15, tumepanga kikosi upya: namba saba wote wataanza tatu, namba kumi wote watagawana mbili na sita, na ninyi mabeki saba kesho mtacheza mbele. Aliyejiinamia kule nyuma, wewe ni tatu. Nitakusubiri.